Majina ya kidato cha kwanza yakitoka: namna ya kuipima shule aliyopangiwa mwanao

Kila Desemba, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia watoto shule, wakishatoa majina ya kidato cha kwanza, simu yangu haipoi. Kuna wanaopiga huku vigelegele vinasikika nyuma: "Mwalimu, kachaguliwa vipaji maalum!" Na kuna wanaoongea kama wako msibani: "Mwalimu, kapangiwa kata." Vipaji maalum ni shule za serikali za waliopata alama za juu kabisa, kata ni sekondari ya jirani inayopokea yeyote aliyefaulu. Wote wanaopiga nawajibu kwa maswali yaleyale, ila safari hii nimeamua kuyaandika, maana kurudia jambo moja mara thelathini kwa wiki kunachosha.

Nijitambulishe, mjue nasemea wapi. Nafundisha hisabati, mwaka wa 22 huu. Miaka tisa ya kwanza nilikuwa shule ya wavulana ya vipaji maalum, ambayo sitaitaja. Mwaka 2012 baba watoto alihamishwa kikazi, nikamfuata, nikapangiwa shule ya kata mkoani Morogoro, na niko hapo hadi leo.

Kidato cha nne changu cha mwisho kule vipaji maalum, wavulana 71 kati ya 90 walipata A ya hisabati. Bodi ya shule ikanipa bahasha na doti ya kitenge, nikapigiwa makofi ukumbini. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2013, nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wa shule yangu mpya nikisoma matokeo ya 2012. Watahiniwa 84. Mmoja alipata C ya hisabati, watatu wakapata D, waliobaki wote F. Mtakumbuka mwaka ule: karibu watahiniwa 6 kati ya 10 nchi nzima walipata divisheni sifuri, yaani walifeli, kelele zikawa nyingi, serikali ikafuta matokeo na yakapangwa upya. Hata yalipopangwa upya, F zangu nyingi zilibaki F.

Mwalimu yuleyule. Andalio la somo lilelile, nilikuwa nimehama nalo kwenye boksi. Kama mimi ndiye niliyewapa wale 71 zile A, basi ni mimi pia niliyewapa hawa F. Au kuna kitu kingine kilichokuwa kinaamua, na mimi nilipigiwa makofi kwa kazi ya watu wengine.

Anza na walioingia, ndipo uangalie waliotoka

Shule za vipaji maalum za serikali ni saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Zinachukua watoto waliopata alama za juu kabisa darasa la saba. Mtihani ule una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Mtoto anayeingia vipaji maalum mara nyingi anakuja na alama zilizopita 250 kwa mbali. Shule ya kata inapokea yeyote aliyefaulu na anayeishi jirani: mwenye 125 anakaa dawati moja na mwenye 220. Miaka minne baadaye tunalinganisha matokeo ya shule hizi mbili, tunaita moja bora na nyingine jalala. Ni sawa na kupima wapishi wawili wakati mmoja kapewa kilo ya nyama na mwingine kapewa mifupa.

Baraza la Mitihani lenyewe, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kuanzia matokeo yaliyotoka Januari 2023. Wazazi wengi walilalamika. Mimi nilishukuru, ingawa zamani nilikuwa nakaa na redio nikisubiri kusikia shule yangu ni ya ngapi.

Sasa kazi ya mikono. Matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti ya NECTA, kwa namba ya kituo. Tafuta shule unayoipima kwenye matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, kisha itafute tena kwenye matokeo ya kidato cha nne ya miaka miwili mbele. Watoto waliopimwa kidato cha pili 2022 ndio waliokaa kidato cha nne 2024. Andika kwenye karatasi: kidato cha pili walikuwa wangapi, wangapi walipata divisheni ya kwanza hadi ya tatu (madaraja ya juu ya ufaulu), kidato cha nne walikuwa wangapi, wangapi walipata hizohizo.

Nikuonyeshe kwa namba za kutunga. Shule ya kwanza, ya binafsi, ada yake inatoa machozi: kidato cha pili watoto 118, waliopata divisheni ya kwanza hadi ya tatu ni 80. Kidato cha nne wako 83, na waliopata hizo divisheni ni walewale 80. Bango la getini linasema "ufaulu asilimia 96", na kweli 80 kwa 83 ni 96. Swali lako liwe moja: 35 wako wapi? Wengine walihama kwa sababu zao. Ila zipo shule ambazo mtoto asipofikisha wastani wa shule anaambiwa atafute pengine, ili asije akalichafua bango. Ukigawa 80 kwa wale 118 walioanza unapata 68. Na tazama: divisheni nzuri zilikuwa 80 kidato cha pili, zikabaki 80. Hakuna kilichoongezwa hapo.

Shule ya pili, ya kata: kidato cha pili 140, divisheni nzuri 38. Kidato cha nne 133, divisheni nzuri 61. Asilimia 46. Bango hawana, geti lenyewe la miti. Lakini watoto 23 waliokuwa chini wamepandishwa juu, na karibu wote walioanza wamefika. Mtoto wangu angekuwa wa katikati, ningempeleka hapo kabla ya ile ya kwanza.

Angalizo dogo linalowachanganya wengi: GPA ya NECTA, yaani wastani wa ufaulu wa shule, inasomwa kinyume na ya chuo. A inahesabiwa 1, F inahesabiwa 5, kwa hiyo GPA ndogo ndiyo nzuri. Kuna baba mmoja alinipigia kunitambia shule yenye GPA ya 4.1.

Je, shule ya wateule inaongeza nini kwa mtoto yuleyule?

Hili ndilo swali gumu, kwa sababu mtoto hawezi kusoma shule mbili kwa wakati mmoja tukalinganisha. Jirani zetu Kenya walitoa nafasi nzuri ya kulijibu. Katika zama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanyika tangu 1985 hadi 2023, watoto waligawanywa kwa alama: wa juu kabisa shule za kitaifa, wanaofuata za mkoa, waliobaki za wilaya. Wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, katika utafiti uliochapishwa 2014, waliwachukua watoto waliokuwa pembeni mwa mstari wa kukata: huyu kapita kwa alama chache akaingia shule yenye jina, yule kakosa kwa alama chache akaenda ya chini yake. Kwa uwezo watoto hawa ni kama mapacha. Miaka minne baadaye wakaangalia matokeo yao ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Shule za juu zilikuwa na walimu wazoefu zaidi, vifaa zaidi na wenzao wenye vichwa. Tofauti ya alama kati ya makundi hayo mawili ilikuwa karibu haipo.

Usome hapo kwa makini. Utafiti ule unamhusu aliyeingia kwa tabu na aliyekosa kwa tabu. Hauzungumzii kitanda, umeme wa kusomea usiku, wala rafiki utakayempigia simu ukiwa na miaka arobaini. Mwanangu wa kwanza alisoma vipaji maalum na mpaka leo kazi zake anazipata kupitia watu aliolala nao bweni moja. Hilo halionekani kwenye cheti. Ila kama mtoto wako amekosa vipaji maalum kwa alama nne na unataka kuuza shamba umpeleke shule ya gharama ili "asipotee", nakusihi usiuze kwanza.

Akichaguliwa vipaji maalum: muandae kuwa wa 97

Mwanangu huyo aliingia Januari 2015, mwaka wa mwisho wa kulipa ada. Bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, ikafutwa 2016. Nilimnunulia tranka, godoro, ndoo mbili, jembe na ufagio wa chelewa, kila kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Nilihesabu hata vijiko. Jambo moja sikumuandalia, na mimi ndiye niliyeishi kule miaka tisa nikiliona kila Machi.

Shule ya msingi alikuwa wa kwanza tangu darasa la tatu. Siku ya kutembelewa nilimkuta amekaa juu ya tranka nyuma ya bweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona uko huku peke yako?"

Akanipa karatasi ya matokeo ya mtihani wa kwanza, kaikunja mara nne. Nafasi ya 97 kati ya 112. Akaniambia, "Mama, kumbe mimi ni kilaza." Hisabati alikuwa na 64. Sisi shule ya kata mwenye 64 tunamwita kipanga na kumpeleka jukwaani.

Mwanasaikolojia Herbert Marsh wa Australia ameliandikia jambo hili tangu miaka ya 1980: mtoto hajipimi kwa uwezo wake, anajipima kwa walio pembeni yake. Samaki mkubwa wa kidimbwini akitupwa ziwani anajiona dagaa, na hajapungua hata gramu. Wengine ziwa linawachangamsha. Wengine wanaacha kunyoosha mkono darasani, na ikifika kidato cha tatu ameshaacha fizikia kwa sababu "si ya watu kama mimi". Wangu hakuacha hisabati, alipata divisheni ya kwanza ya pointi 12 mwaka 2018, lakini kuipenda aliacha. Alikuwa mtoto anayetafuta namba tasa kwenye namba za magari barabarani. Sijamuona akifanya hivyo tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hajaondoka, mkae, mwambie kwa maneno yako: kule mtakuwa watoto mia moja na kumi mliozoea kuwa wa kwanza, na lazima mmoja awe wa mia na kumi, na huenda ukawa wewe kwa muda. Akileta matokeo uliza alama, nafasi iache. Linganisha 64 ya Machi na alama ya Juni ya somo hilohilo. Usitangaze kanisani au msikitini kabla hajaripoti. Mtoto anayebeba fahari ya kijiji kizima hawezi kukwambia ameshindwa. Na umtafute mwalimu mmoja, mmoja tu, anayemjua kwa jina. Katika shule ya vipanga watupu, wa katikati ndiye anayesahaulika. Nakiri nilikuwa nikiwafahamu kumi wa juu na watano wa chini. Wa katikati niliwajua kwa namba ya mtihani.

Akipangiwa kata: mambo manne ya wiki sita za mwanzo

Binti yangu aliingia shule ya kata Januari 2018, si ninayofundisha mimi, nyingine. Darasa la saba alikuwa na 214 kati ya 250, maana wakati ule masomo ya mtihani yalikuwa matano. Hapa ndipo penye mengi.

La kwanza ni lugha, na kwangu hili ni zito kuliko mengine yote kwa pamoja. Miaka saba mtoto kasoma kila kitu kwa Kiswahili, leo kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Wanapewa wiki kadhaa za kozi ya kuvuka, hazitoshi. Nakupa mfano wa darasani kwangu. Muulize mtoto wa kidato cha kwanza KDS ya 12 na 18. Atakujibu 36 kabla hujamaliza. Andika ubaoni "Find the LCM of 12 and 18", anaganda. Ni kitu kilekile! Kigawe kidogo cha shirika anakijua tangu shule ya msingi, kasoro jina. Nikisahihisha naona sifuri, na yeye anaondoka akiamini hisabati imemshinda, wakati kilichomshinda ni herufi tatu.

Vipaji maalum tatizo hili lipo pia, lakini kule wengi wanavuka haraka kwa sababu baadhi yao wametoka shule za mchepuo wa Kiingereza na bweni zima linavutana. Kata hakuna wa kumvuta mwenzake. Nunua daftari la kurasa 64, piga mstari katikati. Kushoto neno la Kiswahili alilolijua, kulia la Kiingereza: asili na denominator, kiasi na numerator, mzingo na perimeter. Maneno matano kila siku, ya masomo yote. Likizo ya Desemba inatosha kuanza. Huhitaji kujua Kiingereza wewe mwenyewe, kazi yako ni kuuliza "leo matano yako wapi?" kabla ya ugali wa usiku. Binti yangu alimaliza madaftari mawili kufikia Juni.

La pili ni njia. Pima umbali kwa miguu yako, saa ile atakayotembea, na si kwa bodaboda siku ya kuripoti. Binti alikuwa na kilomita tano kwenda, tano kurudi, na mto mmoja ambao Machi hauvukiki. Mtoto anayefika saa mbili kasorobo ana matope magotini hawezi kusikia kipindi cha kwanza. Ikiwa ni mbali mno, wazazi wengi humpangishia chumba karibu na shule, yale magheto. Kwa msichana wa miaka 14 peke yake, siafiki. Nimeona yaliyotokea, mara zaidi ya moja. Bora hosteli ya shule ikiwepo, au ndugu, au baiskeli. Mimi nilinunua baiskeli iliyotumika, na mwezi wa mto kujaa akalala kwa shangazi yake.

La tatu ni chakula cha mchana. Michango ya chakula inaamuliwa na wazazi mkutanoni, na mikutano hiyo hatuhudhurii halafu tunalalamika. Nenda. Debe la mahindi na maharage kidogo kwa muhula ni nafuu kuliko twisheni yoyote utakayolipia baadaye. Kipindi cha saa nane mchana kwa mtoto ambaye hajala tangu asubuhi, hata ningekuwa malaika nisingefundisha kitu.

La nne ni walimu wa sayansi, na hapa nitasema ukweli unaoniuma. Shule ya binti yangu haikuwa na mwalimu wa fizikia miaka miwili. Mkuu wa shule alihangaika, akapata kijana wa kujitolea, akakaa miezi minne akapata ajira akaondoka. Hakuna ujanja wa mzazi unaoziba pengo la namna hiyo kikamilifu, na mtu asije kukupamba eti "mtoto mwenye akili anafaulu popote". Popote penye mwalimu, labda. Unachoweza ni kuliona mapema. Wiki ya tatu ya Januari uliza: kila somo la sayansi lina mwalimu wa kuajiriwa? Kama hakuna, amua kabla ya mwisho wa kidato cha pili kama utalipia twisheni ya somo hilo au utaliacha na kuelekea kwingine. Kubaki katikati ndiko kunakoua.

Mikondo: uliza nani anafundisha D

Kuna wazazi wanaoniuliza kama ni vibaya shule ya kata kuwapanga watoto kwa alama, mkondo A wa vipanga mpaka D. Kwa miaka mingi nilijibu ndiyo, ni vibaya, moja kwa moja. Nimelegeza msimamo.

Esther Duflo, Pascale Dupas na Michael Kremer (wawili kati yao walipata Nobel ya uchumi 2019) walifanya jaribio katika shule za msingi 121 magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2011. Kila shule iliongezewa mwalimu mmoja ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Nusu ya shule ziligawa kwa alama, nusu zikachanganya kwa bahati nasibu. Nilidhani waliowekwa chini wangeumia. Hawakuumia. Katika shule zilizogawa kwa alama, wa juu na wa chini wote walipanda kuliko wenzao waliochanganywa, kwa sababu mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipo.

Ila soma masharti. Mwalimu aliongezwa. Na mwalimu wa kundi la chini alipatikana kwa kura, kama wa juu. Kwetu haiwi hivyo. Mwaka mmoja mkuu wangu wa wakati huo alinipa mkondo A, "Mwalimu, wewe tutolee A za shule." Nikakubali, nikafurahi hata. Kuanzia Machi mpaka Juni mkondo D haukuwa na mtu wa hisabati. Nilikuwa nikipita dirishani nawaona wanakwaruza ubao wenyewe, mmoja wao kajifanya mwalimu, ananiiga mpaka ninavyoshika chaki. Nilipita hivyo miezi mitatu kabla sijaenda ofisini kuomba nipewe na D.

Kwa hiyo usigombane na shule kwa sababu ina mikondo. Omba ratiba, huwa ipo ukutani, si siri. Tazama majina mbele ya hisabati na Kiingereza kwa mkondo A na kwa mkondo wa mwisho. Kama mkondo wa mwisho una "nafasi wazi" au una mtu wa kujitolea peke yake, hapo pana la kuzungumza kwenye kikao. Uliza pia kama mtoto anaweza kuhama mkondo, na lini. Mkondo usio na mlango wa kutokea ni kuchujwa mara ya pili ndani ya shule ambayo haikumchuja mlangoni.

Mlango wa kidato cha tano

Nchi nyingine zinamkata mtoto mapema na mkato unadumu. Ujerumani mikoa mingi inawagawa wakiwa na miaka kumi hivi. Finland walikuwa hivyo, wakaachana nao miaka ya 1970, wote wakasoma shule moja mpaka miaka 16. Sisi tuna mkato wa darasa la saba, lakini miaka minne baadaye tunachanganya karata upya: nafasi za kidato cha tano zinagombaniwa na wote, na mtoto wa kata mwenye alama nzuri anaweza kupangiwa Kibaha au Kilakala akaketi na waliochaguliwa tangu mwanzo.

Fanya hesabu ya kurudi nyuma. Kidato cha tano kinataka angalau C katika masomo matatu, ya dini hayahesabiwi, na masomo ya tahasusi, yaani yale matatu atakayosoma kidato cha tano, lazima yawemo. Akitaka PCB (fizikia, kemia, biolojia), fizikia haikwepeki. Binti yangu tulikaa naye mwisho wa kidato cha pili, mezani, na karatasi. Fizikia alikuwa na F, haki yake hakupewa. Alitaka udaktari. Tukatazama CBG: kemia, biolojia, jiografia, ambazo zilikuwa na walimu. Alilia, nikamwacha alie, kesho yake akasema sawa. Alipata divisheni ya pili ya pointi 19 mwaka 2021, akaenda kidato cha tano kwa CBG, na sasa anasoma mambo ya lishe chuoni. Kaka yake huwa anamtania kwamba yeye angekuwa na mwalimu wa fizikia angekuwa daktari. Yeye hacheki utani huo, na sisi tumeanza kumkataza kaka mtu.

Kuhusu kuhamisha: inawezekana, lakini tafuta kwanza nafasi shule unayoitaka, kwa maandishi, ndipo uanze barua. Zinapita kwa wakuu wa shule wote wawili na ofisi ya elimu. Usimtoe mtoto shule kabla karatasi hazijakamilika.

Mwisho wa yote, usiipime shule siku ya kuripoti. Siku hiyo uwanja umefagiliwa na kila mwalimu kavaa tai. Nenda Jumatano ya kawaida, mwezi wa pili, saa nne asubuhi. Salimia ofisini, omba kuzunguka. Hesabu matundu ya vyoo vya wasichana. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20. Fungua daftari la mtoto yeyote wa mkondo wa mwisho uone tarehe ya mwisho kusahihishwa. Piga picha ratiba. Halafu tembea taratibu kwenye korido ukihesabu madarasa yenye mwalimu na yasiyo naye. Ukija kwetu utanikuta mkondo D, kipindi cha tatu, mlango uko wazi.